Kusikia si Kusikika: Kuhusu Redio ya VHF Katika Vyombo Vidogo vya Baharini

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wamiliki wa vyombo, manahodha na mabaharia, Kilindoni, Mafia)

Nimetumwa na Mamlaka nizungumze nanyi juu ya redio ya VHF: namna ya kuichagua, kuifunga na kuitumia. Sikuja kuwafundisha bahari. Wengi wenu mlianza kuivuka kabla sijazaliwa. Nilichojifunza mimi ni namna sauti inavyosafiri juu ya maji, na hicho ndicho nitakachokieleza.

Niruhusuni nianze na jambo ambalo wakaguzi hulikuta mara kwa mara. Mkaguzi humwuliza nahodha kama redio yake ni nzima. Nahodha huiwasha, na papo hapo zinasikika sauti za meli na za bandarini, safi kabisa. Hugeuka akasema, “Si unaisikia mwenyewe?” Naam, tumeisikia. Lakini alichothibitisha ni nusu moja tu ya kazi ya redio, tena ile nusu isiyookoa mtu. Kituo cha nchi kavu kina antena juu ya mnara na umeme usiokatika. Sauti yake itakufikia hata kama antena yako imevunjika katikati. Kupokea sauti hiyo hakuitaki betri yako zaidi ya ampea 1. Kutuma sauti yako kwa nguvu kamili ya wati 25 huitaka betri hiyohiyo ampea 5 hadi 6. Betri iliyochoka, waya mwembamba na kiungo kilichoota kutu ya kijani vyote hukuruhusu kusikia vizuri huku vikikunyima kusikika. Siku ya shida ndipo mtu hugundua kwamba miaka yote alikuwa na kifaa cha kusikiliza tu.

Najua swali linalokuja: simu ya mkononi si inatosha? Simu ichukueni, tena muitie katika mfuko usiopitisha maji. Lakini fikirini tofauti. Simu humfikia mtu mmoja, na mtu huyo huenda yuko nyumbani kitandani. Wito wa redio huwafikia wote walio katika eneo kwa wakati mmoja, na kati yao yumo yule aliye karibu nawe kuliko wote, ambaye humjui jina wala namba yake. Tena simu hutegemea minara iliyojengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Redio haihitaji mnara wowote baina ya chombo na chombo.

Sasa, umbali. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama mwanga: hunyooka, wala hayafuati mviringo wa dunia. Kwa hiyo kinachoamua utafika wapi ni kimo cha antena kutoka usawa wa maji kuliko wingi wa wati. Ipo hesabu rahisi. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo antena hiyo inaweza kuona. Fanya hivyo kwa antena ya pili, kisha jumlisha. Mashua mbili zenye antena mita 1 juu ya maji zitapatana kwa takriban kilomita 8. Zikipandisha antena zao hadi mita 4, umbali unakuwa kilomita 16 na ushei. Umezidisha mara mbili bila kuongeza wati hata moja, kwa gharama ya mlingoti wa bomba. Mashua yenye antena ya mita 4 na kituo chenye mnara wa mita 100 vitapatana kwa karibu kilomita 49. Hizi ni hesabu za hewa ya kawaida na vifaa vizima. Kisiwa au kilima kikikaa katikati, hesabu inavunjika.

Kutokana na hayo, naomba niwape rai yangu waziwazi, ingawa wauzaji wengine hawataipenda: mwenye fedha kidogo azipunguze kwenye redio yenyewe na aziongeze kwenye antena na kebo. Redio ya bei ya kati na redio ya bei kubwa zote hutuma wati 25, kwani hicho ndicho kiwango cha juu kwa redio ya kufungwa chomboni. Zinatofautiana kwa ukubwa wa kioo na mapambo ya vitufe. Antena mbaya na kebo mbaya ndivyo vinavyotofautisha anayesikika na asiyesikika.

Katika kununua antena pia kuna mtego. Muuzaji atakuonyesha antena tatu, za desibeli 3, 6 na 9, na kukwambia kwamba kubwa ndiyo bora. Desibeli hizo hazitengenezi nguvu mpya; huibana nguvu iliyopo ili ielekee upeo wa macho, kama mtu anayebana mdomo wa mpira wa maji ili maji yaende mbali. Katika meli nzito isiyoyumba, hilo ni jambo jema. Katika mashua inayokwenda mrama msimu wa kusi, mwale ule mwembamba hupiga maji upande mmoja na mawingu upande wa pili, na anayekusikiliza husikia neno moja na kukosa mawili. Kwa vyombo vingi vilivyofungwa hapa gatini, antena ya desibeli 3, na ya 6 kwa boti pana zilizotulia, inatosha na inafaa zaidi.

Redio zilizokwishatumika zinaingia kwa wingi, na si dhambi kuzinunua. Tazameni mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa chaneli. Redio iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huweza kuwa imewekwa katika mpangilio wa kwao, ambamo baadhi ya chaneli zenye namba sawa na zetu hutumia masafa tofauti. Chaneli 16 ni ileile dunia nzima, megahezi 156.8, kwa hiyo mtu hudhani mambo yote ni sawa, mpaka kituo kimwambie ahamie chaneli nyingine, na huko asisikie lolote. Redio nyingi zina mahali pa kuchagua. Chagueni mpangilio wa kimataifa. La pili ni namba ya utambulisho, ambayo nitaieleza baadaye kidogo. Na redio zile ndogo za mkononi zinazotumiwa na walinzi na wasimamizi wa shughuli za nchi kavu si redio za baharini, hata kama fundi atazitia masafa ya chaneli 16. Hazina wito wa hatari wa kidijitali, na nyingi hazivumilii maji ya chumvi.

Redio ya mkononi ya baharini ina nafasi yake. Kwa ngalawa isiyo na betri, hiyo ndiyo redio. Kwa boti yenye redio ya kufungwa, ya mkononi ni mwenzi wa lazima, kwa sababu chombo kikipinduka redio iliyofungwa hupinduka nacho. Inunueni yenye alama ya IPX7, yaani iliyopimwa kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na ikae mwilini mwa nahodha. Ikibaki kwenye sanduku pamoja na fataki za ishara, itazama na sanduku. Nguvu yake ni wati 5 au 6, na antena yake iko pale ulipo mkono wako, msitarajie miujiza.

Tuje kwenye kufunga. Antena ikae mahali pa juu kabisa panapowezekana, mbali na vyuma na angalau mita moja kutoka antena nyingine, kisha kebo ishuke bila kukunjwa kwa pembe kali. Kebo nyembamba, ile iitwayo RG-58, hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu katika mita 10 tu. Kati ya wati 25 zilizotoka kwenye redio, zinazofika juu ni kama 16. Kebo nene ya RG-213 kwa urefu huohuo hufikisha kama 20. Mwenye kebo fupi ya mita 3 asihangaike sana na tofauti hiyo. Mwenye mlingoti mrefu aihesabu. Lakini hata kebo bora huuawa na kiungo kibaya. Kiungo kitiwe lehemu vizuri, kisha kifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Utepe wa kawaida wa mafundi umeme, baada ya msimu mmoja wa jua, huachia na kugeuka mfereji wa kuingiza maji ya chumvi. Maji yakishaingia hupanda ndani ya kebo kama mafuta katika utambi, na hapo kebo nzima ni ya kutupwa, si ncha peke yake.

Msiwashe kitufe cha kusemea wakati antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na yaweza kuunguza redio. Kipo kipimo kidogo kinachowekwa kati ya redio na antena kuonyesha kiasi cha mawimbi yanayorudi. Kikisoma 1.5 au chini, ufungaji ni mzuri. Kikipita 3, kuna kasoro ya kutafutwa kabla ya kwenda popote. Fundi anayekufungia redio bila kuwa na kipimo hicho amekuuzia matumaini. Mdaini akupimie mbele ya macho yako kabla hujamlipa salio.

Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi iwekwe karibu na betri kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha redio, aghalabu ampea 7 hadi 10. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, na huvumilia kushuka hadi kama volti 11.7, chini ya hapo nyingine hukataa kutuma huku zikiendelea kupokea kana kwamba hakuna lililotokea. Pimeni volti nyuma ya redio huku mmebonyeza kitufe cha kusemea, kwa maana betri iliyopumzika husema uongo. Na betri iinuliwe. Katika vyombo vingi iko sakafuni chini ya teo la nyuma, mahali pa kwanza kufikiwa na maji. Chombo kinachojaa maji hupoteza redio yake kabla hakijapoteza kitu kingine, saa ileile inapohitajika. Rafu ya mbao yenye mikanda hugharimu siku moja ya seremala.

Kuhusu dira, neno moja: spika ya redio na ile ya kipaza sauti zina sumaku. Kabla ya kutoboa tundu lolote, shikeni redio pale mnapotaka kuifunga na mtazame sindano ya dira. Ikisogea, tafuteni mahali pengine.

Sasa ile namba. Redio mpya za kufungwa zina kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikifunua na kukibonyeza kwa sekunde chache, redio hutuma kwa chaneli 70 wito wa kidijitali unaotaja ni chombo gani na kiko wapi. Meli kubwa zinazopita huko nje zina mashine inayosikiliza chaneli 70 saa zote, chini ya mfumo wa kimataifa uliokamilika kuanza tarehe 1 Februari 1999. Mashine hiyo hulia kengele hata kama mtu wa zamu hakuwa akisikiliza sauti. Kwa chombo kidogo, hii ni neema kubwa. Lakini kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka redio iingizwe namba ya utambulisho ya tarakimu 9, iitwayo MMSI. Namba za Tanzania huanza na 674 au 677. Hutolewa pamoja na leseni ya redio ya chombo, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayosimamia leseni hizo. Usitunge namba, wala usinakili ya jirani. Watafutaji wataitazama namba, wapate jina la jirani, wampigie simu, wamkute ameketi barazani, na huenda wakahesabu kwamba ni wito wa uongo.

Hapo ndipo penye hatari ya redio iliyokwishatumika. Redio nyingi humruhusu mtumiaji kuingiza namba mara moja au mbili tu, kisha hujifunga. Ukinunua yenye namba ya boti ya nchi nyingine, siku ya shida utakuwa unaomba msaada kwa jina la chombo kilichoko maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mwombeni muuzaji aonyeshe kwamba namba imefutwa, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Na redio iwe imeunganishwa na GPS, au iwe nayo ndani yake. Isipokuwa hivyo, wito utatoka bila mahali.

Kuhusu matumizi ya kila siku, ningependa tukae kidogo kwenye chaneli 16, kwa sababu hapa tunadhuriana sisi kwa sisi. Redio hizi zina tabia moja: sauti mbili zikigongana kwenye chaneli moja, yenye nguvu huimeza dhaifu kabisa. Hutasikia mchanganyiko wa sauti mbili. Utamsikia mmoja tu. Maana yake ni kwamba kijana anayezungumzia bei ya dagaa kwenye chaneli 16 kwa wati 25, akiwa hapa gatini, anaweza kumfuta mtu anayezama kilomita kumi kutoka hapa, na hakuna yeyote gatini atakayejua kwamba kulikuwa na mtu. Mwiteni mwenzenu kwenye 16, akijibu hamieni chaneli nyingine ya mazungumzo, na mkiwa karibu shusheni nguvu hadi wati 1. Kipaza sauti kirudishwe kwenye kishikio chake. Kikikaliwa chini ya mto, kitufe hubonyezwa na chaneli hufungwa kwa wote. Na msizime redio kwa kuhurumia betri mkiwa safarini. Aliye karibu na anayezama mara nyingi ni mvuvi mwenzake, na mvuvi huyo hana msaada wowote kama redio yake iko kimya.

Wito wa hatari wenyewe hutanguliwa na neno Mayday, litamkwalo “meidei”. Limetokana na Kifaransa, lenye maana ya “nisaidieni”, wala halihusiani na Mei Mosi. Hutumika pale tu ambapo uhai au chombo kimo katika hatari kubwa ya sasa hivi. Injini ikizimika katika bahari tulivu, neno ni Pan-Pan. Bonyezeni kwanza kitufe chekundu, kisha semeni kwenye chaneli 16 kwa nguvu kamili, polepole, namna hii:

“Mayday, Mayday, Mayday. Hiki ni chombo Nia Njema, Nia Njema, Nia Njema.” Tajeni alama ya wito na namba ya tarakimu 9. “Mayday, Nia Njema. Tuko maili 6 magharibi ya Kilindoni. Tunaingiza maji, tunazama. Tunahitaji kuokolewa mara moja. Tuko watu 14, wawili ni watoto. Mashua ya bluu. Nimemaliza, nasubiri jibu.”

Mahali hutajwa mapema kwa makusudi: redio ikikatika baada ya sentensi hiyo, angalau watajua pa kutafuta. Mwenye GPS asome latitudo na longitudo. Idadi ya watu itajwe kwa ukweli, hata kama ni zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye cheti. Nalisema hili kwa uzito. Anayetaja 14 wakati wako 20 kwa kuogopa faini huwafanya waokoaji wageuze baada ya kumpata wa kumi na nne.

Maneno haya yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kando ya redio, yakiwa na jina na namba ya chombo, na kila baharia, hata mpishi, ayasome kwa sauti mara moja kabla ya msimu. Nahodha huweza kuwa wa kwanza kuanguka majini.

Mkisikia Mayday ya mwingine, nyamazeni na muandike. Ngojeni kidogo kituo cha nchi kavu kijibu. Kisipojibu, jibuni ninyi, kisha mrudie wito wake mkitanguliza maneno Mayday Relay, ili kituo cha uratibu wa uokoaji kilichoko Dar es Salaam au chombo kingine kikubwa kiupate kupitia kwenu.

Na ikitokea mtoto au abiria amebonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya, msikimbie wala msinyamaze. Zimeni redio ili isirudie wito, iwasheni tena, kisha mseme kwenye chaneli 16, kwa vituo vyote, jina na namba ya chombo na kwamba wito umefutwa. Kosa linaloadhibiwa ni wito wa uongo wa makusudi, au kuwaacha watu watafute chombo kisichokuwa na shida.

Mkaguzi mwenzangu amekuja na kipimo cha mawimbi yanayorudi na kipimo cha volti. Tutatelemka gatini sasa, tukianza na vyombo vinavyoondoka na maji ya mchana. Kila chombo kitapimwa kikituma, na boti iliyotangulia nje kwa kilomita 8 itatujibu kwenye chaneli ya mazungumzo kama imesikia au la. Wasiokuwa na leseni wana fomu kwenye meza ya mlangoni. Waje nazo pamoja na cheti cha usajili wa chombo, na waandike namba ya tarakimu ya redio kama ilivyo nyuma yake.